Jinsi Maandishi ya Wafalme wa Uajemi Yalivyofumbuliwa

Mtu akipewa barua iliyoandikwa kwa herufi asizozijua, tena kwa lugha asiyoijua, hana la kufanya ila kuirudisha. Basi na tuwafikiri watu waliokuta barua ya namna hiyo, isiyo ya karatasi bali ya jiwe. Aliyeamuru iandikwe alikuwa amekufa zaidi ya miaka 2,000, wala hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua kuisoma. Hata hivyo waliisoma. Makala hii yaeleza jinsi walivyofanya, kwa sababu njia waliyoitumia yamfaa kila mwanafunzi: kukisia kwa akili, kisha kukijaribu kisio chako kwa ushahidi mpaka kithibitike au kianguke.

Kazi hiyo ni sehemu ya elimu ya mataifa ya Kiirani, yaani uchunguzi wa lugha, historia na desturi za Waajemi na ndugu zao. Nchi ambayo zamani mataifa ya nje waliiita Uajemi, tangu mwaka 1935 serikali yake imeyaomba mataifa hayo yaiite Iran. Lakini watu wenye lugha za jamii hiyo hawakai Iran peke yake. Wamo Wakurdi katika Iran, Iraki, Uturuki na Siria. Wapashtuni katika Afghanistan na Pakistan. Wabaluchi kando ya bahari ya Pakistan na Iran. Watajiki katika Asia ya Kati. Na hata Waoseti katika milima ya Kaukasus. Twajuaje kwamba watu waliotawanyika hivyo wana lugha za asili moja? Jibu lataka tuanze mbali kidogo.

Mji uliochomwa moto

Karibu na mji wa Shiraz, kusini ya Iran, yako magofu ya Persepolis. Mfalme Darius wa Kwanza, aliyetawala kuanzia mwaka 522 kabla ya Kristo, ndiye aliyeanza kuujenga mji huo. Alexander wa Makedonia aliuteketeza mwaka 330 K.K. Nguzo na milango ya mawe ilibaki imesimama, na juu ya milango hiyo palikuwa na alama zilizochongwa, kila moja imefanana na kabari ndogo au kichwa cha msumari. Wasafiri waliopita hapo karne nyingi baadaye walishangaa tu. Wengine walidhani ni mapambo.

Mwaka 1765 alifika hapo msafiri mmoja, jina lake Carsten Niebuhr, aliyekuwa katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Wenzake wote wa msafara walikufa kwa maradhi, akabaki yeye peke yake. Hakukata tamaa. Alikaa juani siku nyingi akinakili alama zile moja moja, kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1778 akazipiga chapa. Niebuhr hakuweza kuzisoma, lakini aliona mambo mawili yenye maana. Kwanza, aliona kwamba maandishi huenda kutoka kushoto kwenda kulia. Pili, aliona kwamba si aina moja ya maandishi bali ni tatu, zimewekwa pamoja, na aina moja ni nyepesi kuliko nyingine kwa kuwa ina alama chache.

Tukumbuke jambo hili: mtu aliyenakili sawasawa aliwasaidia waliokuja baada yake kuliko mtu ambaye angebuni maana.

Mwalimu wa shule wa Göttingen

Katika mji wa Göttingen, nchi ya Ujerumani, alikuwako mwalimu wa shule, kijana wa miaka 27, jina lake Georg Friedrich Grotefend. Hakuwa mtaalamu wa lugha za mashariki, bali alipenda kufumbua mafumbo. Mwaka 1802 alichukua nakala mbili fupi alizoleta Niebuhr, za aina ile nyepesi, akaanza kuzifikiri.

Alitoka katika jambo lililokuwa limejulikana. Miaka michache kabla ya hapo, mtaalamu wa Ufaransa, Silvestre de Sacy, alikuwa amesoma maandishi ya wafalme wa Uajemi wa zamani za baadaye. Wafalme hao walijitaja kwa utaratibu mmoja: jina, kisha mfalme mkuu, kisha mfalme wa wafalme, kisha mwana wa fulani. Grotefend alijiuliza: je, haiwezekani kwamba wafalme hawa waliiga desturi ya wale waliowatangulia? Akatazama nakala zake. Akaona neno moja linarudi mara nyingi, na mahali pengine linakuja mara mbili mfululizo, la pili likiwa limeongezwa alama mwishoni. Akakisia kwamba neno hilo ni "mfalme", na kwamba pale penye mara mbili ni "mfalme wa wafalme".

Kwa kisio hilo mawe mawili yalionekana hivi:

Jiwe la kwanza: A, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa B.

Jiwe la pili: C, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa mfalme A.

Mwanafunzi atazame vizuri. A ni baba yake C, na wote wawili ni wafalme. Lakini B, babu, hakuitwa mfalme. Kwa hiyo Grotefend alikuwa akitafuta ukoo ambao babu hakutawala, bali mwana na mjukuu walitawala. Habari za wafalme wa Uajemi zilikuwa zimeandikwa na Wayunani, hasa Herodotus. Je, aweza kuwa Cyrus, ambaye Biblia yetu humwita Koreshi? Hapana, kwa sababu baba yake Cyrus aliitwa Cambyses na mwana wake vilevile aliitwa Cambyses, na katika mawe B na C ni majina mbalimbali. Walibaki watu watatu tu waliofaa: Hystaspes, ambaye hakuwa mfalme, mwanawe Darius, na mjukuu wake Xerxes.

Basi akayaweka majina hayo juu ya alama, herufi kwa alama. Hakutegemea matamshi ya Wayunani peke yake, maana Wayunani hawakuwa na sauti ya "sh" katika lugha yao. Waebrania waliihifadhi sauti hiyo katika jina la Ahasuero, ambalo kwa Kiebrania latamkwa Ahashverosh, na huyo ndiye Xerxes. Hapo kisio kikajaribiwa. Kama majina ni sahihi, alama ya "r" katika jina la Darius lazima ionekane pia mahali pake katika jina la Xerxes, na alama ya "sh" vilevile. Zilionekana. Tena neno lile alilodhani ni "mfalme" lilianza kwa alama zile zile zinazoanza jina la Xerxes, "khsh". Leo twajua kwamba neno hilo la kale, baada ya kufupishwa na vinywa vya watu kwa karne nyingi, ndilo neno "shah" la Kiajemi cha sasa.

Grotefend aliipeleka habari yake kwa chama cha wataalamu wa Göttingen mwaka ule ule wa 1802. Hawakukubali kuipiga chapa yote. Ilitoka mwaka 1805, na hata hivyo ilikuwa nyongeza tu nyuma ya kitabu cha rafiki yake. Ni kweli kwamba alikosea alama nyingi, na wengine baadaye walimsahihisha. Rasmus Rask wa Denmark alirekebisha alama za "m" na "n" mwaka 1826, na mwaka 1836 Eugène Burnouf wa Ufaransa na Christian Lassen wa Ujerumani walizidi kuisogeza kazi mbele. Lakini mlango ulifunguliwa na mwalimu wa shule.

Huenda msomaji akauliza: je, haikuwa bahati tu? Ushahidi mwingine ulipatikana kutoka mahali ambapo Grotefend hakupategemea. Mwaka 1822 Champollion, Mfaransa, aliyafumbua maandishi ya Misri ya kale. Mjini Paris kulikuwa na chombo cha jiwe chenye maandishi ya kabari pamoja na maandishi ya Kimisri. Champollion alipolisoma jina lililoandikwa Kimisri, alikuta ni la Xerxes, na jina lililo katika kabari lilikuwa lile lile alilolisoma Grotefend. Watu wawili waliofuata njia mbili mbalimbali walikutana penye jibu moja. Huo ndio uthibitisho.

Mwamba wa Bisotun

Lakini maneno machache hayatoshi kuijua lugha. Yalitakiwa maandishi marefu, nayo yalikuwako. Magharibi ya Iran, karibu na mji wa Kermanshah, uko mwamba mkubwa unaoitwa Bisotun, kando ya njia ya kale ya kutoka Babeli. Juu kabisa katika uso wa mwamba, Darius alichongesha picha yake amemkanyaga adui, na mbele yake wamesimama wafalme walioasi, wamefungwa kamba shingoni. Kandokando yake yapo maandishi marefu katika lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Picha na maandishi pamoja yana kimo cha karibu mita 15 na upana wa karibu mita 25. Sehemu ya Kiajemi peke yake ina mistari 414.

Henry Rawlinson, askari Mwingereza, alifika Kermanshah mwaka 1835, akaanza kunakili maandishi hayo. Ukingo wa kusimamia ulikuwa mwembamba, na chini yake palikuwa na genge refu. Alisimama kwenye kipago cha juu kabisa cha ngazi, mwili ameuegemeza kwenye mwamba, mkono wa kushoto umeshika daftari, wa kulia waandika. Tafsiri yake ya sehemu ya Kiajemi ilianza kutoka mwaka 1846.

Sehemu moja ya maandishi ya Kibabeli haikufikika kabisa. Mwaka 1847 kijana mmoja wa Kikurdi alijitolea. Alipanda mwambani akishindilia vigingi vya mbao katika nyufa, akajivusha kwa kamba mahali pasipo pa kuweka mguu, kisha akabandika karatasi mbichi juu ya maandishi na kuzigandamiza mpaka zikachukua umbo la herufi. Jina la Rawlinson limo katika vitabu vyote. Jina la kijana yule halikuandikwa. Tunaposoma habari za mabingwa wa elimu, si haki kuwasahau wenyeji walioshika kamba na kupanda genge, maana bila wao kazi nyingi zisingalikwisha.

Kiajemi kilipokwisha kusomwa, kikawa ufunguo wa Kibabeli. Watu wengi hawakuamini, wakisema wataalamu wanajitungia maana. Basi mwaka 1857 ulifanywa mtihani huko London. Wataalamu wanne walipewa maandishi ya mfalme mmoja wa Ashuru ambayo hayajapata kutafsiriwa. Kila mmoja alifanya tafsiri yake peke yake, akaituma katika bahasha iliyotiwa lakiri. Bahasha zilipofunguliwa na tafsiri kulinganishwa, zilionekana kupatana katika mambo makubwa. Wanafunzi wanaouchukia mtihani na wakumbuke kwamba hata mabingwa hao walitahiniwa, tena kwa hiari yao!

Kusoma si kuamini

Maandishi ya Bisotun yasema nini? Darius aeleza kwamba mtu mmoja, jina lake Gaumata, alijifanya kuwa Bardiya mwana wa Cyrus, akanyakua ufalme. Na kwamba yeye Darius alimwua, kisha akawashinda wafalme 9 katika vita 19. Kwa muda mrefu habari hii ilipokewa kama ilivyo. Lakini wataalamu wengine wameuliza: je, aliyeuawa hakuwa Bardiya mwenyewe, mwana halisi wa mfalme? Aliyeandika habari ndiye aliyeupata ufalme, na mshindi ana sababu ya kujitetea. Swali hilo halijakwisha hata leo. Kwa hiyo tuna kazi mbili, wala tusizichanganye. Kazi ya kwanza ni kujua maandishi yasema nini. Ya pili ni kupima kama yasema kweli.

Kufanana si udugu

Sasa turudi kwa swali la mwanzo, juu ya asili ya lugha. Tukiyatazama maneno ya Kiajemi cha sasa pamoja na ya Kiingereza tunachojifunza shuleni, twaona ajabu. Baba kwa Kiajemi ni "pedar", kwa Kiingereza "father". Tano ni "panj", kwa Kiingereza "five". Mguu ni "pā", kwa Kiingereza "foot". Kujaa ni "por", kwa Kiingereza "full". Maneno haya hayafanani sana kwa sikio, lakini yana kanuni: penye "p" ya Kiajemi pana "f" ya Kiingereza, tena na tena. Kanuni inayorudi namna hiyo haiwezi kuwa bahati. Yaonyesha kwamba lugha hizi mbili zilitoka katika chimbuko moja la zamani sana.

Sasa tazama neno jingine. Kwa Kiajemi kitu kibaya huitwa "bad". Kwa Kiingereza vilevile ni "bad". Sauti ni moja na maana ni moja. Je, si ndugu kamili? La! Wataalamu walipofuata neno la Kiajemi nyuma mpaka Kiajemi cha kati, walikuta lilitamkwa "wad". Zamani halikuanza na "b" kabisa. Maneno haya mawili yalikutana njiani tu, kama watu wawili waliovaa kanzu za kufanana. Hivyo maneno yasiyofanana yaweza kuwa ndugu, na yanayofanana yaweza kuwa wageni. Atakayetegemea sikio peke yake atapotea.

Jambo hili latuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Katika lugha yetu mna maneno yenye asili ya Kiajemi. "Bandari" ni "bandar". "Nanga" ni "langar". "Rangi" ni "rang". "Darubini" ni "durbin", yaani "dur" mbali na "bin" kuona. "Serikali" ni "sarkar", yaani "sar" kichwa na "kar" kazi. Wako watu ambao, kwa kuona maneno hayo, wameharakisha kusema kwamba Kiswahili ni lugha ya kuletwa. Na wako wengine ambao, kwa kuchukia maneno hayo ya haraka, hawataki hata kusikia habari za Uajemi. Wote wawili wameuacha ushahidi.

Ushahidi wasema hivi. Maneno ya kuazima huja pamoja na vitu na kazi: meli, biashara, utawala. Tena hayakuja yote moja kwa moja, kwa maana Kiajemi kilitumika maofisini India kwa karne nyingi, na maneno mengine yaliweza kupitia huko. Lakini mifupa ya lugha haiazimwi kwa urahisi. "Mtu" na "watu", "mbili", "tatu", "nne", na mpango mzima wa ngeli, ni mifupa ya Kibantu. Mganda husema "omuntu", Mzulu husema "umuntu".

Na watu je? Wazee wa pwani wamesimulia tangu zamani kwamba baadhi ya mababu walitoka Shiraz. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa chembe za urithi kutoka katika mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani yetu. Ulionyesha kwamba katika watu wengi wa miji hiyo zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wanawake. Kwamba sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Na kwamba kuchanganyika huko kulianza kufikia karibu mwaka 1000 baada ya Kristo. Kwa hiyo masimulizi ya wazee hayakuwa ya bure, wala lugha haikuletwa. Mama ndiye aliyewafundisha watoto kusema, na mama alikuwa wa hapa.

Yatupasayo

Katika karne zilizofuata, Wairani wenyewe walifanya mengi katika elimu hii. Ali-Akbar Dehkhoda, aliyefariki mwaka 1956, aliianza kamusi kubwa sana ya Kiajemi, na wanafunzi wake wakaiendeleza. Ehsan Yarshater, aliyefariki mwaka 2018, alianzisha ensaiklopidia ya mambo ya Kiirani huko New York, ambayo waandishi wa mataifa mengi wameiandikia. Lugha za Kiirani zisizo na vitabu vingi zingali zahitaji wachunguzi wa kuzisikiliza vijijini na kuziandika.

Vivyo hivyo hapa kwetu. Mwanafunzi hahitaji mwamba wa Bisotun ili aanze. Ana bibi yake nyumbani, ana jirani wa kabila jingine darasani, ana kalamu na daftari. Na aandike maneno kama yalivyosemwa, kama Niebuhr alivyonakili alama. Na akisie kama Grotefend. Lakini asikipende kisio chake kuliko ukweli.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Grotefend hakukubali kwamba A ni Cyrus?

2. Chombo cha Paris kilithibitisha nini, na kwa nini ushahidi wake ulikuwa na nguvu?

3. Kwa Kiajemi mbili ni "do", kumi ni "dah", na jino ni "dandān". Yalinganishe na maneno ya Kiingereza "two", "ten" na "tooth". Waona kanuni gani?

4. Andika maneno kumi ya vitu vya nyumbani katika Kiswahili na katika lugha ya kwenu au ya rafiki yako. Yapi ni ndugu, yapi yameazimwa, na umejuaje?